Nairobi, Mombasa au Dar? Joto, umande na bili ya kupoza seva

#1 Koili_Baridi

Wadau habari za leo. Mjadala wa wapi pajengwe kituo cha data ukianza tu, utasikia "kipelekwe kwenye baridi". Mfano unaotolewa ni Luleå, kaskazini mwa Uswidi, ambako Facebook walifungua kituo mwaka 2013. Hewa ya nje inachujwa, inapita kwenye seva, inatolewa, na umeme unatoka kwenye mabwawa ya mto Lule. Huku kwetu hesabu ina mambo mengine, na nataka tuiweke wazi hapa kwa namba.

Kosa la kwanza ni kutazama kipimajoto peke yake. Mtu anasema Mombasa ni nyuzi 32 na Nairobi ni 26, kwa hiyo Nairobi ni nafuu. Jibu ni sahihi ila sababu siyo hiyo. Vipimo vinavyoamua ni viwili:

Nyuzi za umande, yaani joto ambalo hewa ikipozwa hadi hapo inaanza kutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Mombasa umande hukaa kati ya nyuzi 20 na 25 karibu mwaka mzima. Dar hushuka kidogo Julai na Agosti, kisha hurudi palepale.

Joto la kitambaa kibichi, yaani kinachosomwa na kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji na kupulizwa na feni. Hiki ndicho kikomo cha mashine yoyote inayopoza kwa kuvukiza maji. Nairobi ni mara chache kupita nyuzi 20. Pwani ni 25 na zaidi kwa miezi mingi.

Sasa linganisha na mahitaji ya seva. ASHRAE, chama cha wahandisi wa mitambo ya hewa cha Marekani, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe nyuzi 18 hadi 27, na umande usizidi 15. Seva za daraja A2, ambazo ndizo nyingi sokoni, zinaruhusiwa kufika nyuzi 35 na umande 21. Kwa hiyo hewa ya Mombasa mchana wa Machi inaweza kuwa ndani ya kikomo cha joto na bado ikawa nje ya kikomo cha umande. Huwezi kufungua madirisha ya kituo cha Mombasa hata usiku wa manane. Nairobi usiku ni nyuzi 12 hadi 16, na kompresa zinaweza kulala.

Pesa. Chukua seva za megawati 1 zinazofanya kazi mwaka mzima: saa 8,760, sawa na GWh 8.76, yaani uniti (kWh) milioni 8.76. PUE ni umeme wote wa jengo ukigawanywa kwa umeme wa seva peke yake. Tofauti ya 1.3 na 1.7 ni GWh 3.5 kwa mwaka. Tukichukua senti 15 za dola kwa uniti, kwa mfano, hiyo ni zaidi ya dola 525,000 kila mwaka kwa megawati moja tu.

Singapore ina hewa ya aina ya Mombasa. Vituo vya data vilikuwa vinakula takriban asilimia 7 ya umeme wake mwaka 2020, na serikali ilikuwa imesitisha vituo vipya tangu 2019. Walipofungua tena 2022 waliweka sharti la PUE isiyozidi 1.3. Basi pwani inawezekana. Swali ni inafanyikaje na kwa gharama gani.

#2 Mkongo_254

Mkuu shukrani kwa uzi. Niongeze kinachotangulia hali ya hewa: kebo za mtandao zinazopita chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa 2009, EASSy 2010, na nyingine zimefuata. Dar ina SEACOM na EASSy. Ndiyo maana Mombasa kuna vituo vya kibiashara licha ya joto lake. Kampuni za mtandao zinataka kuungana karibu na pale kebo inapotoka majini, na kila kilomita ya nchi kavu ni hatari ya kukatwa na katapila wa ujenzi wa barabara.

Ila tusitie chumvi kwenye suala la muda wa kusafiri. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Mombasa hadi Nairobi, ukihesabu kilomita 500 za kebo, ni milisekunde 5 kwenda na kurudi, bila kuhesabu mitambo ya katikati. Benki hailii kwa milisekunde 5. Kwa hiyo gawa mzigo. Mitambo ya kebo, mabadilishano ya mitandao na hifadhi za video zibaki pwani, nazo ni kilowati mamia kadhaa. Nakala za akiba, kumbukumbu na kazi nzito za kuchakata zipande nyanda za juu.

#3 Bi_Kilowati

Nakubaliana, lakini nataka kukaa kwenye pwani kidogo, maana huko ndiko umeme unakopotea bila watu kujua.

Ugonjwa mkubwa wa vyumba vya seva vya Dar na Mombasa ni maji ya nyuzi 7. Mbunifu anachukua ramani ya AC za hoteli: maji yanatoka kwenye chila, yaani mashine ya kupoza maji, yakiwa nyuzi 7 na kurudi 12. Hoteli ina watu wanaotoka jasho, hivyo inahitaji kukausha hewa. Seva hazitoi jasho, joto lake lote ni kavu. Koili, yaani mabomba ya maji baridi ndani ya AC, ikiwa nyuzi 7 na kukutana na hewa ya chumba yenye umande wa nyuzi 12 inakamua maji. Ndoo kwa ndoo zinakwenda kwenye bomba la taka, na kila lita unayoiona ikidondoka imekula kama kWh 0.7 ya uwezo wa kupoza ambayo haikugusa seva hata moja. Kisha hewa inakuwa kavu kuliko ilivyopangwa, kiongeza unyevu kinawaka na kuchemsha maji ili kurudisha unyevu uleule. AC moja inakausha, jirani yake inalowesha. Nenda kwenye chumba chochote chenye AC nne au zaidi, usome skrini zake zote kwa wakati mmoja, utaona.

Dawa yake, kwa mpangilio huu:

Ziba kwanza. Mvuke unapita ukutani hata kama hewa haipiti. Kuta na dari zipigwe rangi ya kuzuia mvuke au karatasi ya plastiki isiyo na mwanya, milango iwe na mpira, matundu ya kebo yajazwe. Usipofanya hili mengine yote ni bure.

Pili, mashine moja ndogo ya hewa safi iwe na kazi ya kukausha hewa inayoingia hadi umande wa nyuzi 10 hadi 12, na isukume kidogo ili chumba kiwe na shinikizo kuliko nje. Mlango ukifunguliwa hewa itoke, isiingie.

Tatu, zima viongeza unyevu vyote. Kikomo cha chini cha ASHRAE ni umande wa nyuzi -9. Pwani ya Afrika Mashariki haijawahi kukikaribia.

Nne, ndipo upandishe maji. Nenda nyuzi 18 za kutoka na 24 za kurudi. Koili inabaki juu ya umande wa chumba, haitoi tone. Kompresa inapunguziwa mlima wa kupanda, na kila nyuzi 1 unayopandisha inaokoa kama asilimia 2 hadi 3 ya umeme wa chila.

Angalizo kwa nyinyi wenye mitambo ya zamani: koili iliyonunuliwa kwa maji ya nyuzi 7 haitatoa uwezo uleule kwa maji ya 18. Itabidi uongeze safu za koili au mashine zaidi. Usipandishe kabla ya kufunga njia ya hewa moto, yaani kuitenga hewa inayotoka nyuma ya seva isichanganyike na ya baridi, maana hewa ya kurudi ikiwa nyuzi 26 koili haina cha kufanyia kazi. Ikiwa 35, kazi inakuwa rahisi.

#4 Nyanda_Juu

Dada Kilowati umemaliza upande wa bahari. Nami niseme ya mlimani, maana watu wanadhani Nairobi ni ya bure.

Hewa ya mita 1,700 ni nyepesi, kama asilimia 83 ya uzito wa hewa ya usawa wa bahari. Seva ya kilowati 1 yenye tofauti ya nyuzi 12 kati ya mbele na nyuma inahitaji mita za ujazo 250 za hewa kwa saa ukiwa ufukweni. Nairobi ni kama 300 kwa joto lilelile. Na umeme wa feni hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Feni ikishushwa hadi asilimia 80 inakula nusu tu ya umeme, ukiipandisha inakuadhibu kwa kiwango hichohicho. Kwa hiyo nunua feni nyingi ziende polepole.

Pia kikomo cha seva kinashuka. Kwa daraja A2, kuanzia mita 900 unapunguza nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kwa mita 1,700 zile nyuzi 35 zinakuwa kama 32.

Vifaa vya umeme vya kawaida vimekadiriwa hadi mita 1,000. Jenereta, swichi na transfoma zote zina jedwali lake la marekebisho. Lisome kabla ya kusaini oda. Kondensa ya hewa, yaani sehemu ya mashine inayotupa joto nje, iliyoandikwa kW 500 kwenye karatasi haitatoa 500 Athi River.

Kuhusu kupuliza hewa ya nje moja kwa moja: usifanye, vumbi jekundu litamaliza filta. Tumia kibadilisha joto, hewa ya nje upande mmoja na ya chumba upande wa pili, bila kuchanganyika. Mchana wa nyuzi 28 kibadilisha joto kikiwa kikavu kitakupa hewa ya 32, haitoshi. Ukinyunyizia maji upande wa nje, unaanzia kitambaa kibichi cha 19, unapata 23 au 24. Usiku funga maji kabisa. Hapo kompresa inabaki ya dharura tu.

#5 Mkongo_254

Na hayo maji ni kiasi gani? Nairobi yenyewe ina mgao wa maji.

#6 Bi_Kilowati

Swali zuri, na ndilo linalosahaulika. Kuvukiza lita 1 kunaondoa takriban kWh 0.68 za joto. Geuza: kila kWh ya joto ni kama lita 1.5. Megawati 1 kwa saa ni lita 1,480 zinazopotea hewani.

Hazijaisha hapo. Maji yakivukia chumvi inabaki, kwa hiyo lazima umwage sehemu. Ukiruhusu chumvi ijikusanye mara 4, unamwaga theluthi ya kile kilichovukia, na jumla inakuwa karibu lita 1,970 kwa saa, yaani mita za ujazo 47 kwa siku ikiwa mnara wa kupozea, ambamo maji huvukizwa, unafanya kazi saa 24.

Visima vya Bonde la Ufa na sehemu nyingi za Nairobi vinatoka kwenye miamba ya volkano. Vina floridi na silika. Floridi ni tatizo la mnywaji, silika ni tatizo letu. Ikipita miligramu 150 hivi kwa lita ndani ya mnara inaganda kwenye mabomba kama kioo, na asidi ya kawaida haiitoi. Kisima chenye miligramu 50 kinakulazimisha usimame kwenye mara 3, si 4. Hapo unamwaga nusu ya kilichovukia na jumla inafika lita 2,220 kwa saa. Pima silika kabla ya kuchora mnara.

Nairobi ukinyunyizia saa za mchana tu, matumizi yanashuka sana. Bado weka tangi la siku 2. Kituo kisicho na maji alasiri ya Februari ni sawa na kisicho na dizeli.

#7 Mtwapa_Hewa

Na bahari je? Google waligeuza kiwanda cha karatasi cha Hamina, Ufini, wakatumia maji ya bahari kupitia handaki la zamani. Norway kuna kituo ndani ya ghala la silaha la zamani la NATO karibu na Stavanger kinachopozwa na maji ya fiodi ya nyuzi 8. Sisi tuna bahari mlangoni.

#8 Koili_Baridi

Mkuu, bahari yetu juu ni nyuzi 25 hadi 29. Haiwezi kupoza hewa ya chumba moja kwa moja. Maji baridi kweli yako mamia ya mita chini, na bomba la kuyafikia ni mradi wa pekee yake.

Inachoweza ni kupoza upande wa moto wa chila. Mnara wa kupozea maji Mombasa hukupa kitambaa kibichi pamoja na nyuzi 3 au 4, yaani 29 hadi 31. Bahari inakupa 25 hadi 29 na haili tone la maji ya bomba. Faida ni hiyo. Gharama yake: kibadilisha joto cha bamba za titani, maana chuma cha pua cha kawaida kitatobolewa na chumvi; wavu na filta za kujisafisha; dawa au umeme wa kuzuia makombe yasiote ndani ya bomba; na kibali cha mazingira, kwa sababu maji moto yakitupwa karibu na matumbawe yanayaua. Kwa kW 500 haina maana. Kuanzia megawati kadhaa, ukiwa jirani na ufuo, kaa uihesabu.

#9 Nyanda_Juu

Tusisahau umeme unapokatika, kwani huko ndiko vituo vidogo vinakofia. UPS, yaani betri za dharura, inashika seva, chila inazima. Jenereta inawaka ndani ya sekunde 15, lakini chila inahitaji dakika kadhaa kujipanga upya, mbili kwa zile mpya, hadi kumi kwa za zamani. Wakati huo seva zinaendelea kutema joto.

Hesabu: chumba cha mita 10 kwa 10, urefu 3, kina hewa ya mita za ujazo 300. Kilowati 100 zikimwagwa humo, hewa peke yake ingepanda nyuzi 10 ndani ya sekunde 40. Kuta na chuma cha makabati hupunguza kasi hiyo, lakini dakika tano bila mwendo wa hewa ni hatari. Weka feni za ndani na pampu za maji kwenye UPS, chila ibaki kwa jenereta. Weka tangi la maji baridi: megawati 1 kwa dakika 5, tofauti ya nyuzi 6, ni lita 12,000. Mahali ambapo umeme unakatika mara nyingi, tangi hilo lina thamani kuliko chila ya ziada.

#10 Mkongo_254

Kuna suala la Olkaria, eneo la jotoardhi karibu na Naivasha. Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya Abu Dhabi, walitangaza mpango wa dola bilioni 1 Kenya, ukiwa na kituo cha data kinachotumia umeme wa jotoardhi, cha kuanzia megawati 100, na lengo la kufika gigawati 1. Kilele cha mahitaji ya nchi nzima kilikuwa zaidi kidogo ya MW 2,300 mwanzoni mwa 2025. Hali ya hewa ya Naivasha ni nzuri, jotoardhi halitegemei mvua wala jua, lakini gigawati 1 ni zaidi ya theluthi ya nchi. Kwa ukubwa huo baridi inakuwa swali dogo. Swali ni visima vipya vya mvuke na nyaya.

Kuna wanaopendekeza mashine za kupoza zinazotumia joto la maji ya visima badala ya kompresa. Kuna aliyefanya hesabu yake?

#11 Bi_Kilowati

Hesabu yake ni hii. Mashine ya aina hiyo ya hatua moja inataka maji ya nyuzi 80 hadi 95, na uwiano wake ni kama 0.7. Kupoza uniti 1 unaingiza uniti 1.4 za joto, kwa hiyo nje unatupa 2.4. Chila ya umeme nzuri hutupa 1.2 hivi. Joto la kuendesha ni la bure, lakini minara au vipoza vikavu vinakuwa mara mbili kwa ukubwa, na Naivasha maji ya ziwa tayari yanagombewa na mashamba ya maua. Penye hewa ya nyuzi 25, kwa maoni yangu, kipoza kikavu na maji ya chumba ya nyuzi 20 vinashinda. Mashine ya joto ingekuwa na maana zaidi pwani, ambako hakuna jotoardhi.

#12 Koili_Baridi

Na ramani yote inabadilika kwa seva za akili mnemba. Kabati moja la NVIDIA GB200 lenye chipu 72 ni kama kW 120. Hewa haiwezi tena. Maji yanapita kwenye bamba juu ya chipu, na kwa kila kilowati unahitaji kama lita 1.4 kwa dakika kwa tofauti ya nyuzi 10. Maji hayo yanaweza kuingia yakiwa moto. ASHRAE wana daraja la maji ya nyuzi 32 na la 45. Kwa 45, kipoza kikavu kinatosha Dar mwaka mzima bila kompresa na bila kuvukiza maji, maana hewa ni 33 na bado una nyuzi 12 za kuchezea.

Msikimbilie kufurahi. Sehemu ya joto la kabati hilo, asilimia 15 hadi 20 kwa kawaida, bado inatoka kwa hewa: kumbukumbu, swichi, vigeuza umeme. Kwa kW 120 hiyo ni kW 18 hadi 24, zaidi ya kabati zima la miaka michache iliyopita. Chila bado ipo, imepungua tu.

#13 Mtwapa_Hewa

Kwa wanaojenga pwani, la mwisho kutoka kwangu ni chumvi. Kondensa za alumini za njia nyembamba zinaoza haraka karibu na ufuo. Omba koili zenye rangi ya epoksi iliyozamishwa kiwandani, si ya kupuliziwa, au shaba kwa shaba. Zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi, kuanzia upande ambao hewa inatoka, si unakoingilia. Na msizipange juu ya paa zikitazamana kwa karibu. Zinavuta hewa moto ya jirani, na kondensa iliyopangiwa nyuzi 35 inajikuta na 41, kompresa inajizima kwa shinikizo saa nane mchana. London tarehe 19 Julai 2022, joto la nje lilipofika 40, vituo vya Google na Oracle vilipoteza upozaji. Kwa hiyo pangia siku mbaya kuliko zote kwenye kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa, kisha ongeza joto la paa lenyewe.

Ndani ya chumba tundika vipande vya shaba na fedha kwa siku 30 ili kupima kutu inayoletwa na hewa, kisha vipelekwe maabara. Kutu ya shaba iwe chini ya angstromu 300 kwa mwezi (angstromu 1 ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) na fedha chini ya 200. Fedha ikipita huku shaba ikiwa salama, tazama kwanza mashine ya hewa safi: filta ya kemikali imekwisha, au mdomo wake umeelekezwa kwenye barabara, jenereta au mtaro.